Meza Yenye Kitambaa

Kila aliyewahi kupanda jukwaani kwenye barabara ya Corrientes, Buenos Aires, alilijua hili: ukitaka kujua kama mchezo wenu utaendelea au utafungwa, usimuulize mtayarishaji Horacio Lamberti. Angalia anawapeleka kula wapi.

Lamberti hakuweza kutoa habari mbaya bila kitambaa cheupe. Mchezo ukimfia, aliwakusanya waigizaji katika mkahawa wa El Piamonte, wakakalishwa, wakaletewa nyama na mvinyo, na kabla ya kahawa akawaambia. Aliamini watu wazima hawapigi mayowe mbele ya leso zilizokunjwa vizuri. Mambo yakiwa shwari, alikula piza akiwa amesimama kwenye kaunta ya La Genovesa, mafuta yakimtiririka mkononi, huku akipiga domo na kila aliyepita.

Jumatatu hiyo alimpigia simu Mirta Zubeldía.

"Saa saba mchana, malkia wangu, pale kwenye mnara wa Obelisco. Tule pamoja."

"Tule wapi?"

"Tutaona njiani," akasema, na kukata.

Mirta alikuwa na miaka sitini na mmoja. Kwa miaka thelathini na minne Buenos Aires ilikuwa imemwona akiigiza majirani, wajakazi na mama wa bwana harusi. Sasa, kwa mara ya kwanza, jina lake lilikuwa juu kabisa ya bango la ukumbi, kwa herufi zenye taa. Wiki kumi na moja. Viti vya Alhamisi vilikuwa nusu vitupu, na aliwahi kuvihesabu kupitia tundu la pazia hadi akajichukia.

Walitembea upande wa kivuli. Lamberti alizungumzia mvua, goti lake, mbwa wa dada yake. Aliongea mno. Walipita duka la vitabu, wakapita mkahawa wa kahawa na vitumbua, na Mirta hakusikia neno. La Genovesa ilikuwa kona ya pili. El Piamonte ilikuwa mbele zaidi. Basi ilikuwa rahisi tu: Lamberti akipinda, Mirta ameokoka; akipitiliza, yamekwisha.

Kwenye kona Lamberti alisimama. Akaangalia mbele. Akafuta shingo kwa kitambaa. Mirta akajishika kwenye kibanda cha magazeti akijifanya anasoma.

"Una njaa kweli?" Lamberti akauliza.

"Ya kufa mtu."

"Basi twende hapa," akasema, na kusukuma mlango wa La Genovesa.

Mirta nusura ambusu. Harufu ya vitunguu na jibini ilimpiga usoni, akataka kulia kwa furaha, akaona aibu. Mhudumu wa kaunta, mzee Ulises, alimwona akapiga sinia kwa koleo.

"Mama wa Corrientes! Leo umekuja na bosi? Au yeye ndiye kakuleta umlipie?"

"Nyamaza, Ulises, nipe mbili za jibini na mkate wa unga wa dengu juu yake. Na mvinyo mtamu. Kata kubwa, usinifanyie ubahili wa mkwe."

Alikula akiwa amesimama, viwiko juu ya marumaru, jibini likivutika hadi kidevuni. Alikula kama mtu anayefungua saumu. Alimsimulia Lamberti jinsi atakavyobadilisha kicheko cha sehemu ya pili. Lamberti alisema ndiyo, ndiyo. Kipande chake kilikuwa kimepoa.

Kupitia kioo, ng'ambo ya barabara, Mirta aliona ngazi imeegemezwa kwenye bango lao. Mwanamume amepanda.

"Wanabadilisha balbu?"

Lamberti aliweka kipande chini. Hapo ndipo Mirta alipoelewa kwamba hakuwa ameuma hata mara moja.

"Mchezo unaendelea, Mirta. Hadi Agosti. Nimepata watu wa kutugharimia hadi Agosti." Akameza mate. "Ila kuanzia Alhamisi ataingia Rocío Bengoa. Yule wa televisheni. Watu wanamjua. Wewe... umekuwa wa ajabu. Kweli kabisa."

Mwanamume wa ngazi alishusha herufi ya Z ya Zubeldía, akaiegemeza ukutani kwa uangalifu.

Ulises alijifanya anafuta sinia safi.

"Waigizaji wa mwaka jana uliwakalisha mezani," Mirta akasema polepole.

"Kule ni kwa mchezo unaokufa. Wetu haufi."

"Wako haufi." Alijifuta kidevu. "Ulidhani mtu akiwa amesimama ataondoka haraka, eti? Piza mbili na mlango uko hapo."

"Mirta, tafadhali, watu wanatuangalia..."

"Waangalie. Chukua koti lako."

"Tunaenda wapi?"

"Unapajua."

Alimtangulia njia nzima bila kugeuka. El Piamonte ilikuwa na nafasi dirishani. Mhudumu alimvutia kiti, naye akaketi taratibu, mgongo wima, kama alivyofundishwa kuketi mbele ya watu mia saba. Alikunjua leso akaitandaza mapajani. Akangoja hadi mvinyo ulipomiminwa na nyama kuletwa.

"Haya, Horacio," akasema. "Niambie tena. Tangu mwanzo."

Lamberti alikitazama kitambaa cheupe, akakinyoosha kwa kiganja, na machozi yakamtoka yeye.

Mirta alichukua kisu, akaanza kukata nyama.