Uso wa Asubuhi wa Katsuva

Musoki ndiye aliyeamuru picha ya marehemu mume wake iwe nyeusi na nyeupe. Kwa familia alisema ni heshima, watu wakubwa huwekwa hivyo. Ukweli ulikuwa shati. Picha nzuri ya Katsuva ilikuwa moja tu, macho wazi, mdomo umefungwa vizuri juu ya pengo, na humo alivaa shati la manjano alilonunuliwa na Honorine. Honorine alikuwa mbanda wa Musoki, mke mwenzake, bibi mdogo, yule wa Ariwara. Siku ya kuondoa matanga shati lile lingekaa juu ya meza, mbele ya kwaya na mashemeji wote wa Butembo, likitangaza jina la mnunuzi. Kwa nyeusi na nyeupe lingekuwa shati tu.

Lakini picha ilikuwa ndani ya simu ya Honorine, na Honorine hakutaka kuituma. Kwa WhatsApp inaharibika, alisema, nitaileta mwenyewe. Akashuka Bunia na kitenge kipya, akakaa kwenye benchi ya studio ya Dany kama mtu aliyekuja kuposwa. Musoki akakaa upande wa pili. Katikati waliacha nafasi ya Katsuva, naye alikuwa mtu mnene.

Dany, mwenye studio, alikuwa na bibi mmoja, na asubuhi ile alimshukuru Mungu kwa hilo.

"Mbele ya kutoa ile kubwa, tuchague karatasi," alisema. "Noir et blanc, nyeusi na nyeupe hii, haina rangi ya kujificha nyuma yake. Karatasi njo inafanya kazi yote."

Mashine ikanguruma, ikatema uso wa Katsuva, mdogo kama kiganja, kwenye karatasi tatu tofauti. Dany akazipanga mezani karibu na dirisha.

Ya kwanza ilikuwa ya kung'aa. Weusi wake ulikuwa mzito kama lami mpya, na Katsuva alisimama ndani yake kama mheshimiwa wakati wa uchaguzi.

"Huyu ataniomba kura," Honorine alisema.

Kicheko kilimfika Musoki kooni. Akakigeuza kikohozi. Hangempa mbanda furaha hiyo.

Ya pili iling'aa nusu, na kijivu chake kilikuwa cha baridi. Wote watatu wakakumbuka morgue, kule maiti hulazwa. Dany mwenyewe akaifunika kifudifudi.

Ya tatu ilikuwa mat, nene, ya pamba, bila kung'aa hata kidogo. Weupe wake ulikuwa wa maziwa, weusi wake wa makaa yaliyozimika. Kwenye zile nyingine mwanga uliteleza. Kwenye hii uliingia ndani na kukaa. Mifuko chini ya macho ilionekana, na kovu la wembe kidevuni. Musoki akaisogelea. Ule ulikuwa uso wa asubuhi, ubavuni pake kitandani, kabla Katsuva hajavaa ukali wake wa dukani. Miaka yote alikuwa akijifariji kwa uso huo. Honorine, alijiambia, anampata Katsuva aliyeoga, mwenye marashi, mgeni. Huyu wa asubuhi ni wangu.

Akafungua mdomo aseme "hii". Honorine akamtangulia, taratibu, kama anayesema peke yake.

"Huyu njo yeye. Njo vile alikuwaka asubuhi, mbele ya kunywa chai. Bado hajakumbuka mutu wa kugombeza."

 Shati, Musoki aliwaza, uliweza kulizima kwa nyeusi na nyeupe. Hili ungelizima na nini? Basi hata kule aliamka hivi, na mifuko yake na kovu lake. Hata kule alikuwa nyumbani.

"Tutakamata ya kung'aa," Musoki alisema.

Dany akamtazama. "Mama, hii ya mat njo ilimuweka vile alikuwa. Ile ingine, kwa jua, watu wataona mwangaza tu."

"Waone mwangaza."

"Mama mukubwa," Honorine alisema, "weye mwenyewe ulikuwa unaangalia ya mat."

"Nilikuwa naangalia vile inamuzeesha. Unataka mashemeji waseme siye tulikuwa tunamunyima chakula?"

"Aya. Weye njo mukubwa."

Alikubali haraka mno, na hilo nalo lilimuudhi Musoki.

Dany akarudi kwenye mashine. Honorine akageukia dirisha kupokea simu. Mkono wa Musoki ukapita juu ya meza, na Katsuva wa asubuhi akazama ndani ya blauzi. Wageni wangepata mheshimiwa wao, mbanda angerudi Ariwara na mwangaza machoni, naye huyu angekaa Bunia, mahali alipopaswa kukaa tangu mwanzo.

Picha kubwa ilipokuwa tayari, Honorine akaangalia mezani.

"Mama mukubwa, ule mudogo wa mat iko wapi?"

"Nilitupa."

Honorine akafunga mkoba wake bila haraka. "Basi umutoe mu blauzi, mama. Wino ya mat haipendi jasho. Wangu wa mat, ule nilifanyisha kule Ariwara, nilimuweka palepale. Alifika Bunia bila pua."

 Musoki alitoka, akavuka barabara, na nyuma ya pikipiki za taxi akachungulia kifuani. Pua ilikuwepo. Sharubu zilikuwa zimeanza kuondoka. Akamchomoa Katsuva, akambeba kwa vidole viwili, mbali na mwili, mpaka nyumbani, huku akimchukia Honorine kwa sababu alikuwa amesema kweli.