Bango la Mama Pacha

Kazi ya Mama Pacha ilikuwa kuifundisha kompyuta kusoma. Zilimjia picha za mabasi, chupa za dawa na milango ya vinyozi, naye akachora kisanduku kuzunguka kila neno, kisha akaliandika chini yake. Wenzake walitania kwamba mwanafunzi wao ni mtulivu mno, haombi hata ruhusa ya kwenda chooni.

Jina la Mama Pacha walimpa majirani alipojifungua. Watoto hawakumaliza wiki, lakini hakuna aliyekuwa na moyo wa kumvua jina. Mumewe, fundi rangi, alishindwa na ukimya wa nyumba. Aliaga kwamba anafuata kibarua mji wa mbali, akamwachia mkewe mama yake mzazi amtunze. Simu zake zikapungua, hatimaye zikakatika.

Siku hiyo ikaja picha ya genge la mboga. Juu yake bango jipya, herufi nyekundu: MAMA PACHA. Akatabasamu, duniani wawili wawili. Kisha akamwona mwanamume kwenye ngazi, brashi mkononi, mguu mmoja ameukunja vile anavyoukunja siku zote. Chini, mwanamke ameshika watoto wawili wa kimo kimoja.

Alimuuliza msimamizi picha imetoka wapi. Msimamizi, asiyejua lolote, akamjibu kwa upole kwamba hata yeye haambiwi. “Sisi ni maandishi tu, dada. Sura hazituhusu.”

Akarudi kitini. Akachora kisanduku, akaandika jina lake mwenyewe, akatuma.

Nyumbani alimkuta mama mkwe anachambua mchele, akamsimulia alichokiona. Bibi hakuinua uso. Akaendelea kuchambua punje zilizokwisha kutakata.

“Ulijua, mama?”

“Nilijua, mwanangu. Niliogopa utaondoka, nami nibaki na nani?”

Hapo ndipo alipolia. Kwa mume machozi yalikwisha kukauka zamani. Alilia kwa sababu kila jioni, kabla ya kula pamoja, yeye na mkwewe walimwombea msafiri wao arudi salama, na mama mkwe ndiye aliyekuwa akiitikia kwa sauti zaidi. Bibi akanyoosha mkono amshike. Akaukwepa.

Hakuondoka. Bibi alikuwa mzee, na miguu yake ilikuwa mibovu. Asubuhi walisalimiana, wakaulizana kama dawa imekwisha. Lakini chakula, tangu siku ile, kila mmoja alikula chumbani kwake.