Kitambaa Chekundu Juu ya Mnazi

Bi Ruwaida, fundi wa redio wa Malindi, alimwaga kopo la vipuri mezani kisha akamkazia Sidi macho.

"Pasi ya kulehemu hujapata kuishika, na leo wataka kurusha mawimbi. Wamrushia nani? Mchumba?"

"Mamangu, Bi Ruwaida."

Mzaha ukapungua. Mama yake Sidi alikuwa amepooza upande mmoja, na sauti ilikuwa imekwenda na upande huo. Akipaliwa ilibidi ageuzwe upesi. Sidi naye alilima bondeni kando ya mto Sabaki, ambako simu haishiki.

Sidi akaokota maikrofoni.

"Rudisha! Asiyeweza kusema wampa maikrofoni, wamsuta? Mpe kitufe. Akibonyeza, chombo chako kilie. Basi."

Akamchagulia kristali mbili pacha, moja ya kurushia, moja ya kupokelea. "Ukitegemea koili peke yake, jua la saa saba litaisogeza, mama aite huku, nawe usikilize kule. Transista chukua hii ndogo. Kubwa itamaliza betri kabla ya Ijumaa. Antena ni waya huu, upandishe juu kabisa. Kiungo chake ukifunge utepe, chumvi ya hapa haina adabu."

"Nipe utepe basi."

"Umeniishia. Tafuta kitu nyumbani kisichoingia maji."

Nyumbani, akilehemu, Sidi aliunguza vidole viwili. Utepe hakuupata, akachana ukanda wa leso kuukuu, nyekundu, akaupaka nta ya mshumaa, akafunga kiungo. Waya akaupandisha juu ya mnazi wa nyuma ya nyumba.

Chombo kilipolia mara ya kwanza, mama alicheka kwa nusu ya mdomo. Siku tisa kililia vizuri. Siku nyingine mama alibonyeza kwa uchokozi tu, Sidi apande kilima akihema, amkute anacheka.

Siku ya kumi alikijaribu alfajiri kama kawaida, kikalia, akashuka shambani. Asubuhi nzima kimya. "Leo amenihurumia," alijisemea, akaendelea kupalilia bamia.

Adhuhuri alipopanda, alimkuta mama amelala chali, baridi. Kidole gumba kilikuwa bado juu ya kitufe, na kijitaa cha kisanduku chake cha kurushia kinawaka.

Matangani alikuja Baya, mgema wa mnazi ule. Alikaa mkekani, akasema.

"Sidi, mimi nilikuwa Jilore wiki mbili. Asubuhi ile narudi, nakwea mnazi nigeme, nakuta waya, na kitambaa chekundu kimepakwa mafuta. Nawe ulikuwa ukilalamika waibiwa madafu. Nikasema huyu ameniwekea kirapho, uganga wa kunasa wezi, anataka nivimbe tumbo nife. Nina watoto. Nikakata, nikatupa mtoni."

"Hakikuwa kirapho."

"Sasa najua. Ungeniambia tu, dada."

Kristali, transista, betri, vyote Sidi alikuwa amevifikiria. Mtu anayekwea mnazi ule asubuhi na jioni hakumkumbuka.

Arubaini ilipopita alirudisha vipuri Malindi. Kabla hajafika mlangoni, Bi Ruwaida, asiye na habari, alikwisha mwona, akapaza sauti uchochoro mzima usikie:

"Mrusha mawimbi! Utepe umekuja, nimekufichia! Mama hajambo?"

Sidi aliweka kristali mbili mezani, zikiwa pamoja. Bi Ruwaida alizitazama. Mkono wake ulibaki hewani, umeshika utepe mweusi.