Nyota Kumi na Mbili Ambazo Consolate Hakuzisoma

Mwalimu Rénovat alikuwa na sharti moja katika masomo yake ya jioni pale mjini Baraka: kila nyota isomwe na watu wawili, wala wasitazamiane. Nyota zenyewe zilikuwa za galaksi ndogo, hafifu, inayoizunguka hii yetu. Mwanga wa kila moja, uliochambuliwa na darubini ya mbali, ulionekana kwenye kompyuta kama mstari wenye mabonde matatu. Mabonde yaliposogea pembeni, yalionyesha mwendo wa nyota, na nyota zikikimbia zaidi, ndivyo galaksi ilivyo nzito zaidi. Na kwa kuwa nyota zilikuwa arobaini tu, moja ikisomwa vibaya ilitosha kuharibu hesabu ya uzito wa galaksi nzima.

Consolate alisoma ishirini na nane. Kumi na mbili za mwisho, siku aliyotoka shambani hoi, mgongo ukimuuma, alizinakili kutoka kwenye daftari la mwenzake Jamila wakati Jamila amekwenda kuswali. Hapa na pale alibadilisha tarakimu ya mwisho ili isijulikane. Jumapili akasimama kanisani kutoa ushuhuda kwamba Mungu amemwezesha, yeye mkimbizi wa miaka hamsini na mbili, kusoma nyota arobaini. Wakampigia makofi. Tangu hapo, kila alipopiga magoti, maneno yalimkaukia mdomoni.

Leo Mwalimu aliingia akicheka.

“Bamama, ile nyota ya thelathini na tatu inakimbia kuliko zote! Ingeonwa na mutu mumoja, ningeitupa. Lakini muliiona wawili. Ile galaksi yetu ndogo ni nzito mara mbili ya vile tulifikiria. Ninatuma barua kwa chuo kikuu cha Bukavu sasa hivi.”

“Unaona, mama wa maombi?” Jamila alimpiga Consolate begani. “Macho ya mi na we iko moja!”

Consolate aliona kidole cha Mwalimu kikishuka kwenye kitufe cha kutuma.

“Mwalimu, ngoja. Ile sikuiona. Nilinakili kwa Jamila. Zote kumi na mbili.”

“Wakati gani?” Jamila aliuliza.

“Ulipoenda kuswali.”

“Kumbe mi niko namuomba Mungu akuponyeshe mugongo, we uko unafungua daftari langu!”

Mwalimu hakugomba. Alifuta barua aliyokwisha kuiandika, akamsogezea Consolate kompyuta.

Consolate akaisoma ile ya thelathini na tatu polepole. Bonde moja halikuwa la nyota. Lilikuwa doa lililoachwa na mwanga wa anga letu lenyewe. Alipoliacha, nyota ilikwenda mwendo uleule wa wenzake. Mwalimu akalinganisha namba mbili, akatikisa kichwa.

“Jamila, ulikosea.”

Jamila aliinama kwenye kompyuta, akaliona lile doa.

“Mi nilikosea,” akasema, “na we uliwekwa pale unikamate.”

“Nisamehe, dada.”

“Soma kwanza. Iko kumi na moja bado.”

Jamila akageuza kiti chake, akampa mgongo asije akaona majibu. Consolate akafungua ya ishirini na tisa.