Vidonge Juu ya Meza ya Shukrani

Uvumi ulimkuta Dobi bombani, mikono imejaa povu la shuka za watu. Walisema yule mwimbaji wa kwaya, aliyetembelea magongo mwaka mzima, sasa anatembea mwenyewe. Amepona, wakasema, siku alipoacha dawa na kuziweka juu ya meza ya shukrani. Mmoja akatia chumvi: "Ukiombewa halafu ukameza kidonge, umemwambia Mungu humwamini."

Dobi alicheka, akasuuza, akakamua, akaanika. Lakini neno lile lilimganda kama kupe. Akipiga pasi, lipo. Akikunja mashati, lipo. Lisemwalo lipo, alijiambia, na kama halipo laja. Maana chumbani kwake alilala binti yake, mguu umevimba kama gogo.

Binti alikuwa fundi wa nguo. Wateja walimwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake. Usaha ulikuwa umeingia kwenye mfupa wa mguu wa kulia, chini ya goti. Daktari alimpa vidonge vya wiki sita, akaonya: asiruke hata siku moja, la sivyo mguu utapotea. Wiki ya tatu ilikuwa inaisha na maumivu yako palepale. Cherehani yake ya kukanyaga ilikaa pembeni, imefunikwa shuka kama mgonjwa wa pili.

"Mama, mbona unanitazama kama shati lenye doa?"

"Nakutazama tu, mwanangu. Imani yako ikoje?"

"Imani ipo. Mguu ndio hauendi kanisani."

Kanisani kwao, aliyepokea jambo kwa Mungu huweka alama mezani, karibu na madhabahu: ufunguo wa nyumba, nguo ya mtoto mchanga, cheti cha shule. Huweka akishapokea. Jumapili ile Dobi alipita mbele na vidonge vyote vya wiki tatu zilizobaki, akaviweka mezani, mguu ukiwa bado umevimba nyumbani. Alikuwa kama mtu anayeanika nguo kabla hajazifua. Akina mama wakapiga vigelegele. Baada ya ibada vidonge vikatupwa chooni, kwa nyimbo.

"Meza ile ni ya waliokwisha kupokea, mama," Sindano alisema alipoelezwa.

"Ndiyo imani hiyo."

Sindano akavuta shuka, akaufunika mguu.

Siku ya nne homa ilipanda. Sindano akaomba arudishwe hospitali.

"Subiri Jumamosi, mwanangu, mfungo wangu wa kukuombea unaisha."

Jumamosi akaomba tena. Dobi akamfuta jasho, akasema neno ambalo mpaka leo angelipa chochote alimeze: "Labda moyoni umetia shaka."

Siku ya nane mguu ulianza kunuka. Mfa maji haachi kutapatapa. Dobi alikimbia mpaka kwa yule mwimbaji, kumuuliza aliomba kwa maneno gani. Alimkuta jikoni, glasi ya maji mkono mmoja, kidonge mkono wa pili.

"Karibu, dada. Ngoja nimeze hiki."

"Si uliacha?"

"Niache nini? Mezani niliweka magongo. Dawa namaliza mwezi ujao."

"Lakini bombani wanasema…"

Mwimbaji akaishusha glasi. "Niliwasikia. Nikaona Mungu anatukuzwa, nikanyamaza."

Dobi hakukumbuka alivyofika nyumbani. Hospitali daktari alifunua mguu, akafunika, akauliza vidonge viko wapi. Akasema utakatwa asubuhi hiyohiyo, ukiachwa utamchukua mwenyewe.

"Niombee, mama," Sindano alisema.

Dobi alifungua mdomo. Kwenye kikundi cha maombi yeye ndiye aliyekuwa akiambiwa afupishe. Sasa hata "Baba" haikutoka. Alisimama ameshika ndala za binti yake, zote mbili, asijue aiweke wapi ile ya kulia.

Basi Sindano akaomba mwenyewe, meno yakigongana kwa homa. "Bwana, wewe miguu yako ilitobolewa, unajua inavyouma. Sikuambii uniondolee. Nimekuambia sana. Kaa nami humo ndani. Na huyu mama, usimwache peke yake hapa nje."

Wakamsukuma kwenye kitanda cha magurudumu, na uso wake ulikuwa umetulia kuliko wa yeyote pale. Dobi alibaki kwenye benchi. Hakuwa na cha kufua, wala cha kukamua.

Kesho yake Sindano aliamka akilia kwa maumivu.

"Kisigino cha kulia kinawasha, mama."

Hakikuwepo. Dobi akanyoosha mkono, akakuna shuka mahali ambapo kingekuwa, akakuna mpaka kucha zikauma.

"Umenisamehe?" Dobi aliuliza baada ya siku kadhaa.

"Nakusamehe kila nikiamka," Sindano alisema. "Kuna siku nachelewa kuamka." Kisha, amefumba macho: "Alikaa nami kule ndani, mama. Mguu haukubaki, ila yeye alikaa. Na mguu wa kushoto nao unakanyaga cherehani."

Walipotoka hospitali akina mama walimjia Dobi, wakitaka ushuhuda wa kuwatia moyo wengine. Hakuwa nao. Alichukua penseli na karatasi ya daftari, akaandika kwa mwandiko wake wa shule ya msingi, akaiweka juu ya meza ileile, pale vilipokaa vidonge:

Usiache dawa kwa neno la bombani.

Usishukuru kwa kitu ambacho hujapewa ukadhani umemfunga Mungu.

Mgonjwa akiomba hospitali, usimwambie subiri.

Mfungo ni wako, usimfungie mgonjwa mlango.

Habari zako zikisimuliwa vibaya, usinyamaze, hata kama zinapendeza.

Usimwambie anayeumia kwamba hana imani. Wangu anayo, na bado anaumia.