Baiskeli Iliyokataa Samawati

Jumatatu ilikuwa siku ya mapumziko ya Musyoki, na aliitumia kufanya kazi. Asubuhi alitandika gunia uani, nyuma ya nyumba aliyopanga Ukunda, akamimina mafuta ya taa katika kopo la maziwa ya unga, akatumbukiza golori za baiskeli ziachie grisi iliyogandamana. Siku nyingine zote alikuwa msimamizi wa chumba cha kufulia katika hoteli moja ya Diani, na mikono yake ilinuka sabuni. Jumatatu ilinuka chuma.

Alipenda baiskeli za mbio za zamani, zile zenye mabomba membamba na usukani uliokunjwa kuelekea chini, si blakimamba za kubebea madumu ya maji. Wazungu waliostaafu Diani walikuja nazo miaka ya nyuma. Wengine walikufa, wengine wakarudi kwao, na baiskeli zikabaki mabandani zikiliwa na chumvi. Musyoki alizitafuta, akazifungua hadi nati ya mwisho, akazikwangua kutu, akazipaka rangi na kuzifunga upya. Hakuwa akiziuza. Jioni alipanda mojawapo hadi Kinondo na kurudi. Mkewe Fridah, fundi cherehani, alikuwa akisema ameolewa uke wenza, ila wenzake hawali.

Fremu aliyokuwa nayo wakati ule aliletewa na Katana, muuza vyuma chakavu, aliyeiokota majanini karibu na Gazi. Bomba la juu lilikuwa limekunjika na uma wa mbele umevunjika. Kwenye mikwaruzo palikuwa na mabaki ya rangi ya samawati. Musyoki alikuwa ameipindua juu ya gunia aliposikia mtu akipiga hodi.

"Karibu," alisema.

Aliingia kijana mrefu mwenye kaptura ya kuendeshea, imechanika upande mmoja. Kiwiko chake kilikuwa na mchanga, na alipoupangusa haukutoka.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba."

"Hiyo ni baiskeli yangu."

Fridah alitoka ndani na futi yake shingoni, akamtazama. "Wewe si mtoto wa Mwanapili wa Msambweni? Chirau, yule aliyefariki mwaka juzi?"

"Ndiye mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Pole sana, mwanangu."

"Nishapoa."

Fridah akamletea kiti. Chai aliikataa kwa adabu.

Chirau alieleza shida yake bila kuirefusha. Alikuwa akitengeneza simu Msambweni, na kila alfajiri alifanya mazoezi ya mbio. Asubuhi moja aliondoka nyumbani kwa baiskeli, na mama yake akamwambia asichelewe, kuna vitumbua. Tangu afe alikuwa akijaribu kurudi. Akienda kwa miguu, akifika Milalani hujikuta tena Gazi. Akipanda gari, likifika pale pale huwa hayumo.

"Nafikiri ni kwa sababu niliondoka na baiskeli," alisema. "Nirudi nayo."

Musyoki aliitazama ile fremu, akapitisha kidole kwenye mkunjo. "Itanyooka," alisema. "Lakini si leo."

Tangu siku hiyo Chirau alikuja kila Jumatatu, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Musyoki alilipasha moto bomba kwa fundi wa kuchomelea, akalinyoosha polepole huku akifumba jicho moja. Uma aliupata kwa mjane mmoja Mjerumani, ambaye pia alimpa kiti cha ngozi. Magurudumu aliyasuka mwenyewe, waya kwa waya, akayazungusha mbele ya chaki mpaka yakaacha kuyumba. Chirau alipouona mnyororo ukitembea bila sauti alicheka, na Fridah akasimamisha cherehani asikilize, kwa kuwa kicheko kilikuwa kizuri.

Kilichobaki ni rangi. Chirau alitaka samawati ile ile, mama yake amtambue kwa mbali. Musyoki alipaka samawati jioni, na asubuhi baiskeli ikaamka rangi ya shaba, yenye kung'aa na chembe za dhahabu ndani. Akaipiga msasa, akapaka tena. Ikaamka shaba. Akabadilisha duka la rangi. Ikaamka shaba. Jirani yao Hanifa, aliyekuja kuchukua dera lake, aliiona imeegemea ukuta.

"Ala, mmeipaka rangi ya gari la mkurugenzi," alisema, akaendelea kuhesabu vifungo vya dera.

Ilikuwa kweli. Gari la rangi ile lilikuwa moja tu kutoka Likoni hadi Lunga Lunga, na mwenyewe alikuwa mkurugenzi wa hoteli alikofanya kazi Musyoki. Lilipita lango la hoteli kila asubuhi, na walinzi walilipigia saluti.

"Ndilo lililonigonga," alisema Chirau alipoulizwa. "Nilidhani mnajua."

Hawakujua. Walichojua ni kile alichojua kila mtu, kwamba polisi waliandika kuwa kijana alimgonga ng'ombe aliyekuwa akivuka barabara. Mwanapili alikwenda Gazi nyumba kwa nyumba, akauliza ng'ombe huyo alikuwa wa nani ili akamwombe radhi mwenyewe. Hakuna aliyekuwa amepoteza ng'ombe, wala mwenye ng'ombe aliyeumia.

Jumatatu iliyofuata baiskeli ilikuwa tayari. Chirau aliipanda, akazunguka uani mara moja, akasimama. Akacheka tena.

"Tutapitia kituoni kwanza," alisema Musyoki.

Fridah aliweka mkasi chini. "Baba Mutheu, mwache kijana aende kwao. Mambo ya kituoni yatakuwapo kesho."

"Akishafika kwao atapumzika. Nani atatusikiliza sisi? Leo tunayo baiskeli, tunayo rangi, na tunaye yeye mwenyewe. Yule mama aambiwe kwamba hapakuwa na ng'ombe."

"Yule mama anamtaka mwanawe."

"Kituo kiko njiani," alisema Musyoki.

Walimgeukia Chirau. Aliitazama barabara, kisha akayatazama mabomba yaliyonyooshwa, na mikono ya Musyoki iliyokuwa na makovu ya msasa.

"Mimi nataka nyumbani tu, fundi," alisema. "Lakini ukisema tupitie, tutapitia."

Afande wa zamu aliwapokea vizuri. Alimpa Chirau kiti na kumpa pole ya kufariki.

"Unasema hapakuwa na ng'ombe?"

"Hapakuwa, afande."

"Ulimwona?"

"Nisingeweza kumwona. Hakuwapo."

"Basi kuhusu ng'ombe huna ushahidi," alisema afande, na hakusema kwa ubaya. Akapiga simu. Baada ya muda mkurugenzi akaja mwenyewe na gari lake, akaliegesha kando ya baiskeli. Afande alitoka nje, akavitazama vyote viwili, akainama, akakwaruza kidogo kwa ukucha.

"Ni kweli, zinafanana," alisema. "Lakini kufanana si kosa."

Mkurugenzi alikubaliana naye. Alimtambua Chirau, akamuuliza kama aliumia sana. Chirau akamjibu kwamba haikuchukua muda. Wakanywa chai, wote isipokuwa Chirau, kisha mkurugenzi akaondoka kwa kuwa alikuwa na wageni.

Afande alisema malalamiko yamepokewa, na kwa hivyo baiskeli ni kielelezo, itabaki kituoni. Musyoki alisema kijana anaihitaji jioni ile ile. Afande alielewa, akasikitika, akaisukuma hadi nyuma ya kituo. Hapo palikuwa na pikipiki zilizokamatwa, nyingine zimeota majani kwenye viti. Akaiegemeza vizuri isikwaruzwe.

Wakati wa kutoka, Musyoki hakuweza kumtazama Chirau usoni.

"Haidhuru, fundi," alisema Chirau. "Hukujua."

Aliketi nje ya ua wa kituo, upande ambao angeweza kuiona baiskeli yake. Mvua za masika zikaja zikapita. Askari walimzoea, wakawa wanamuuliza matokeo ya mpira. Musyoki alikuwa akija na chupa ya mafuta, na mwanzoni walimruhusu kuupaka mnyororo. Baadaye alikuja mkuu mpya, akasema vielelezo haviguswi. Malalamiko yalikuwa bado yanashughulikiwa. Nyumbani Musyoki aliacha kugusa spana. Jumatatu alikaa uani mikono mitupu, na Fridah akamwekea chai kando ya gunia.

Kisha ukatangazwa mnada wa vitu visivyo na wenyewe. Chirau alisikia tangazo likisomwa, akasogea langoni.

"Ile ni yangu," alisema.

Dalali alimwomba kitambulisho kwa upole. Kitambulisho chake kilirudishwa serikalini alipozikwa. Mwanapili aliyekuja kutoka Msambweni aliapa kwamba baiskeli ni ya mwanawe, ila yake ilikuwa samawati, na hii haikuwa samawati. Dalali akasema samahani, mama, umejibu mwenyewe. Mkurugenzi akainunua. Ilimpendeza, alisema, ilivyoshabihiana na gari lake.

Aliitundika katika ukumbi wa mapokezi, juu ya makochi, na taa ndogo ya kuimulika. Aliuliza ni fundi gani aliyeitengeneza, akaambiwa ni Musyoki wa kule kwa mashuka, akamwita ili amshike mkono.

"Kazi safi sana."

"Ni ya kijana uliyemgonga Gazi," alisema Musyoki.

"Najua," alisema mkurugenzi. "Bado nina huzuni naye." Akatazama juu. "Hizo kulabu zitaimudu? Nisije nikamwangushia mgeni."

Musyoki alisema zitaimudu. Tangu siku hiyo kazi yake iliongezwa kidogo: kila Jumatatu hupanda ngazi akaifuta vumbi, akaupaka mnyororo mafuta na kujaza magurudumu upepo. Wageni humuuliza kwa nini anaijaza upepo baiskeli isiyopandwa. Husema tairi likikaa bila upepo hupasuka. Hilo ni kweli.

Chirau hukaa kwenye kochi lililo chini ya baiskeli. Mwanzoni mlinzi alimtoa, kwa kuwa hakuwa mgeni wa hoteli. Virginia wa mapokezi akasema mwacheni, hali, halali, hachafui. Watalii wakipiga picha husogea pembeni asiwaharibie.

Ijumaa moja baada ya swala Mwanapili, ambaye siku ya mnada hakupata nafasi ya kukaa na mwanawe, alikuja. Alivaa leso mpya na alibeba kikapu chenye vitumbua. Langoni mlinzi alimwambia chakula cha nje hakiingizwi, akakiweka kikapu kibandani mwake. Mama akapita, akavuka sakafu inayong'aa kwa hatua ndogondogo, akaketi kando ya mwanawe.

"Umekonda, baba."

"Ndivyo nilivyokufa, mama."

Alimshika kile kiwiko, akajaribu kuupangusa mchanga, akaacha.

"Ng'ombe alikuwa wa nani?"

"Hapakuwa na ng'ombe, mama."

"Najua. Nilitaka kusikia kinywani mwako." Akajifunga leso vizuri. "Basi twende nyumbani. Nitakushika mkono. Tutakwenda polepole."

"Nilishajaribu, mama. Nikifika Milalani…"

"Hukujaribu na mimi."

Wakasimama. Wakatoka wameshikana mkono, na Musyoki aliyekuwa akipita na kapu la mashuka akawafungulia mlango. Mwanapili alichukua kikapu chake kibandani, wakashika barabara ya lami.

Magharibi Musyoki alipomaliza zamu alipita ukumbini. Chirau alikuwa kwenye kochi lake, mkono wake wa kulia ukiwa bado umefumbwa kama wa mtu aliyeshikwa.

"Mama amefika wapi?" aliuliza Musyoki.

"Milalani," alisema Chirau. "Bado amesimama pale. Anafikiri nimerudi nyuma kidogo tu."

Mkurugenzi akapita akielekea garini, akawatakia wote jioni njema. Wote wawili wakaitikia.