Elinipa Akataa Kusemewa

Elinipa alikuwa Kisarawe, akiwapima nguo za harusi mabinti wa Mama Zena, ujumbe ulipoingia kwenye simu yake. Mkutano wa kumchagua mwenyekiti wa chama cha mafundi cherehani haungesubiri tena Jumamosi. Ungefanyika siku hiyo hiyo mchana, ukumbini Picha ya Ndege, Kibaha. Aliyeubadilisha ni Castory, katibu, ambaye alikuwa akigombea nafasi hiyo dhidi ya Elinipa. Mwishoni aliandika kwamba, kwa kuwa Elinipa yuko safarini, atume maneno yake, yeye atayasoma kwa niaba yake.

Elinipa ni kiziwi tangu utotoni. Anazungumza kwa mikono, na rafiki yake Bertha humtafsiria. Alijua maneno yake yangetoka vipi kinywani mwa Castory. Akamwandikia Bertha awahi ukumbini, ampigie kwa video.

Bertha akapiga, lakini mtandao wa simu ulikuwa hoi. Picha iliganda, ikaachia, ikaganda tena. Ishara zilifika Kibaha vipande vipande. Castory akapendekeza waachane na video, wapige simu ya sauti tu. Baadhi ya wajumbe walicheka.

Elinipa akaaga na kwenda steshenari ya Shomari, jirani na stendi, ambako kompyuta ilikuwa ikiingia mtandaoni bila shida. Wakaelewana kwa kuandikiana kwenye simu. Shomari alieleza kwamba intaneti yake ni ya waya, haina Wi-Fi, na kompyuta ile haina kamera. Elinipa akanyoosha kidole kwenye kidude alichokiona mezani: upande mmoja kinachomekwa kwenye tundu la chaji, upande wa pili kinapokea waya wa intaneti. Shomari alikuwa amekinunua kwa ajili ya kompyuta yake ya mkononi, aliyoiacha nyumbani. Akaandika kwamba kwa simu hakitafaa.

Elinipa akaandika: "Tujaribu kwanza, ndipo unikatalie."

Shomari akauchomoa waya nyuma ya kompyuta, akampa. Mara ya kwanza hakikutokea kitu. Elinipa akazima data, akachomoa kidude, akakichomeka upya mpaka kikashika. Taa ndogo ya kijani ikawaka. Akampigia Bertha, na uso wa Bertha ukatokea safi, nyuma yake ukumbi mzima.

Castory alikuwa amekwishasimama kufunga hoja. Alisema muda wa wagombea umepita. Bertha akaipandisha simu juu ya kiti, akakataa kuishusha. Mafundi wa nyuma wakasogea mbele ili waone.

Elinipa hakuomba radhi kwa kuchelewa. Alieleza kwa mikono atakavyotafuta zabuni za sare za shule, Bertha akitafsiri. Ndipo Castory akauliza, akiwatazama wajumbe badala ya simu, mtu asiyesikia ataongozaje kikao.

"Kama hivi," Elinipa alijibu. "Mnanitazama, nami nawatazama. Anayetaka kuzungumza anyooshe mkono. Wewe hukunyoosha, Castory, lakini nimekujibu."

Kisha mama mmoja wa Mbwawa akanyoosha mkono, akauliza kuhusu bei ya vitambaa. Akafuata mwingine. Kura zilipopigwa, Elinipa alimshinda Castory, ingawa si kwa mbali, na waliompigia katibu waliondoka wakinung'unika.

Elinipa akamrudishia Shomari waya wake, akamshukuru kwa kumshika mkono, akarudi kwa Mama Zena. Binti mdogo alikuwa bado hajapimwa kiuno.